Kamba ya kupunguzia tanga, na zile inchi mbili zilizonisumbua

Jamani upepo wa kusi umeanza kuvuma kweli kweli huku kwetu Mtwara, na mimi wiki hii nimemaliza kazi niliyojiwekea tangu mwaka jana. Kamba ya kupunguzia tanga kwenye boti yangu imekaa, nimeijaribu, inafanya kazi. Na kwa vile nilihangaika sana kupata mtu wa kunielekeza kwa Kiswahili nimeona niandike yote kama nilivyofanya kwa mkono wangu, mwenye kiboti cha tanga Mikindani, Lindi, Kilwa au popote apate pa kuanzia.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 16, niliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ina mlingoti mmoja na tanga la pembe tatu linalokaa nyuma ya mlingoti, na chini ya tanga kuna mti wa alumini unaolala, wenyewe wanauita bumu, msije mkachanganya na lile jahazi liitwalo bumu. Aliyezoea ngarawa na mashua zetu ataona tofauti hapo hapo. Kwetu tanga linashikwa na foromali, ule mti wa juu, henza ndo kamba inayopandisha foromali na tanga kwa pamoja, upepo ukizidi unaachia demani, kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, unaumwaga, na ukizidi zaidi unatua foromali unafungua tanga kubwa unafunga dogo. Mjomba wangu kafanya ubaharia wa majahazi ujana wake wote, anasema chombo hakikutoka na tanga moja, na kubadilisha tanga usiku bahari imechafuka ilikuwa kazi ya watu wote waliomo, hakuna anayelala. Sasa tanga la boti yangu halibadilishwi hivyo, linapunguzwa. Unalishusha kiasi, kipande cha chini unakikusanya kwenye bumu unakifunga, unabaki na tanga dogo lililokaa vizuri kama limeshonwa hivyo hivyo. Na kamba inayoshusha ile pembe ya nyuma na kuibana kwenye bumu ndo hiyo ninayoizungumzia leo.

Mwaka jana mwezi wa saba sikuwa nayo. Tulitoka Mikindani mimi na shemeji asubuhi na umande, maji kama kioo, nia yetu kuzunguka Shangani tuingie ghuba ya Mtwara tukatazame meli bandarini kisha turudi jioni. Ndani ya ghuba ya Mikindani umejificha, nchi kavu inakukinga na kusi, unaona mambo mepesi tu. Tulipotokeza nje saa nne na nusu hivi tukakutana nayo uso kwa uso na sisi tunataka kwenda huko huko inakotoka, kwa hiyo ni bisha kwenda mbele, yaani kupanda upepo kwa kukata kulia na kushoto. Saa sita boti imelala upande, ukingo unakunywa maji, usukani umekuwa mzito nauvuta kwa mikono miwili na bado chombo kinataka kugeuza kichwa chenyewe kwenye upepo. Shemeji ameshika demani mpaka viganja vimechubuka. Akaniambia, "Shem, tupunguze tanga," na mimi nikaachia henza kidogo nikidhani tanga likishuka nusu basi limepungua.

Halikupungua. Hapa naomba mnielewe vizuri maana ndo chanzo cha haya yote. Ukiachia henza bila kuibana pembe ya nyuma, bumu inaanguka, ile yetu ilimshukia shemeji begani, na kitambaa cha chini kinabaki huru kinavimba kama gunia la korosho, upepo unajaa mle ndani na boti inalala zaidi ya mwanzo. Tukatua tanga lote. Chombo kisicho na tanga kwenye mawimbi hakina msimamo, kinayumba kulia kushoto na kusi inakisukuma tu, tukawa tunaondoka kuelekea upande wa Mgao. Mwishowe nilichukua kamba ya nanga nikakata kipande, nikalala juu ya bumu na kuifunga ile pembe ya nyuma kwa mkono huku shemeji ananishika kiunoni, ikanichukua karibu nusu saa na nikakatwa kidole. Tulifika nyumbani magharibi. Mama yangu alikuwa amekaa ufukweni na kanga kichwani, hakusema kitu, akanyanyuka akatangulia kwenda nyumbani.

Basi hiyo ndo sababu. Kazi ile ya nusu saa, kamba ikiwa imeshapitishwa mahali pake tangu nchi kavu, inamalizika ndani ya dakika mbili na wala hunyanyuki ulipokaa.

Kabla sijaenda kwenye kamba niseme kidogo kuhusu upepo wenyewe, kwa sababu wengi tunaukadiria vibaya. Mara nyingi TMA, wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakitoa angalizo la pwani ya kusini wanasema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Mtu anasikia 40 anawaza ni mara mbili ya ule wa 20 alioutembelea jana na akastarehe. Lakini nguvu ya upepo kwenye tanga haiendi hivyo, inakwenda kwa mraba, mwendo ukizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne. Kwa hiyo tanga lile lile lililokuwa linakuvuta taratibu sasa linakuvuta kwa nguvu mara nne, na wewe uzito wako ni ule ule na boti ni ile ile. Na hapo nazungumzia kusi ya kawaida. Siku kama zile za kimbunga Kenneth mwezi wa nne 2019 au kimbunga Hidaya mwezi wa tano 2024 hakuna habari ya kupunguza tanga, boti inavutwa juu kabisa mnazini na inafungwa.

Tanga langu halikuwa na safu ya kupunguzia. Matanga mengi ya aina hii yanakuja nayo tayari, unaona tundu moja la pete kwenye ukingo wa mbele unaokaa mlingotini, tundu lingine kwenye ukingo wa nyuma usawa huo huo, na katikati mstari wa vitundu vidogo vya kufungia vikamba. Langu lilikuwa jeupe tupu. Nikalipeleka mjini kwa fundi anayeshona maturubai ya malori, ana cherehani nzito ya kushona ngozi na turubai, nikamwambia anipigie pete mbili kubwa na tano ndogo, sentimita 90 kutoka chini. Akafanya vizuri kwa alichokielewa, kila kingo akaweka kiraka kimoja na pete ya kubana kwa nyundo kama zile za turubai. Siku ya kwanza ya kujaribu, upepo wa wastani tu, pete ya nyuma ikachomoka na kuacha tundu la kuingia ngumi. Fundi hana kosa, turubai la lori linashikwa na pete ishirini kila upande, kila moja ina mzigo mdogo, wakati tanga lililopunguzwa nguvu yake karibu yote inakwenda kwenye pete mbili, ya mbele na ya nyuma. Vile vitundu vya katikati havibebi kitu, ni vya kukusanya kitambaa kisipeperuke.

Tukarudia. Safari hii kiraka cha nyuma kina tabaka nne, kila tabaka limelizidi ukubwa lile la chini yake na yote yanatanuka kuelekea ndani ya tanga kama upepeo, ili nguvu isiishie mahali pamoja. Pete si ya kubana tena, ni duara la chuma cha pua nililopachika kwa uzi wa nailoni na sindano ya magunia, mishono 32 nimeizungusha mmoja mmoja na kuingiza kitambaa ndani ya duara. Jioni mbili kibarazani. Nilitia nta ya nyuki kwenye uzi ili usinyonye chumvi na uteleze vizuri kwenye kitambaa, na kila mshono nilivuta mpaka nikasikia uzi umelia. Hiyo pete hata leo ukiivuta kwa koleo haitikisiki.

Sasa kamba. Nilianza na kosa la urefu nililolifanya kwa kupima nikiwa nimeshalipunguza tanga. Nikapima, nikakata mita 4, nikaichoma ncha kwa mshumaa, safi. Nilipotweka tanga lote juu kamba ikawa fupi, imeishika pembe ya nyuma inaivuta chini, tanga haliwezi kufika kileleni. Kamba hii lazima uipime tanga likiwa limepanda lote, maana ndipo pete ilipo mbali zaidi na bumu. Yangu ni hivi, kutoka bumu mpaka kwenye pete sentimita 90 na kurudi chini 90 nyingine, jumla mita 1.8, kisha inatembea pembeni ya bumu mpaka karibu na mlingoti mita 2.6, halafu mita 1.5 ya kushika mkononi. Jumla mita 5.9, nikanunua 6. Zile mita 4 za mwanzo sasa zinafunga boti gatini.

Aina ya kamba pia ina maneno yake. Kwenye maduka ya zana za uvuvi utakuta zile za kijani na bluu za plastiki, ni rahisi, zinaelea, zinafaa maboya ya nyavu, ila kwa kazi hii ni ngumu kukunjika, zinateleza kwenye kishikio na jua letu linazila mpaka zinatoa vumbi. Nailoni ni laini na ina nguvu lakini inavutika, na ukishaibana pembe ya nyuma hutaki ivutike, ikivutika tanga linapata tumbo. Niliyoweka ni poliesta ya kusuka, milimita 8. Nguvu tu hata ya milimita 5 ingetosha kwa boti ya futi 16, lakini milimita 5 ikiwa imelowa inakata kiganja na huwezi kuivuta kwa maana.

Njia inayopita ni hii. Mwanzo wa kamba nimeufunga kwenye bumu yenyewe kwa kitanzi kisichojikaza, kile tunachofungia ngarawa kwenye nguzo, nikauzungusha bumu nzima kwa sababu tanga langu kwa chini limeshikwa pembe mbili tu, katikati pana uwazi. Kutoka hapo inapanda upande wa kushoto mpaka kwenye pete ya nyuma, inapita ndani ya pete, inashuka upande wa kulia, inaingia kwenye kapi dogo, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, lililopigwa ubavuni mwa bumu, halafu inakwenda mbele pembeni ya bumu mpaka kwenye kishikio karibu na mlingoti. Kapi nilipigiwa ribiti na kijana anayetengeneza madirisha ya alumini, ana mashine yake ya mkono, kazi ya dakika kumi. Kati ya kapi na bumu tuliweka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kwa sababu chuma cha pua kikigusana na alumini kwenye maji ya chumvi alumini inaliwa, utaona unga mweupe unatoka na baada ya muda ribiti inacheza.

Na sasa hizo inchi mbili. Nilipopiga kapi mara ya kwanza nilitweka tanga siku tulivu, nikalishusha mpaka usawa wa kupunguza, nikaivuta pete ya nyuma kwa mkono mpaka ikagusa bumu, nikapiga alama na maka peni hapo hapo ilipogusa, nikaweka kapi na kitanzi kwenye alama. Akili ya kawaida inakuambia hivyo. Tanga likakaa vibaya, pete imefika chini kweli lakini kitambaa cha chini kimelegea, kina mikunjo na tumbo, boti inalala wakati tanga ni dogo. Nilibadilisha kamba, nikabadilisha fundo, nikakaza henza, wapi. Mwezi mzima.

Aliyeniona ni mjomba. Alikuja kukaa chini ya mkungu pale tunapopaki vyombo, akaniangalia navuta naachia, akaniuliza, "Mpwangu, hiyo kamba inavuta wapi?" Nikamwambia inavuta chini. Akasema, "Na demani ya jahazi inavuta chini tu?" Akanyamaza, akaendelea na kutafuna muhogo wake.

Nilikaa na swali hilo hadi usiku. Demani inavuta chini na inavuta nyuma kwa pamoja, ndo maana tanga linanyooka. Kamba yangu ilikuwa inavuta chini tu kwa vile kapi liko chini ya pete moja kwa moja. Asubuhi nikamrudia kijana wa madirisha, tukang'oa ribiti, tukasogeza kapi inchi 2 nyuma ya ile alama, na kitanzi nacho inchi 2 nyuma. Nilipovuta tu nikaona, pete inashuka na wakati huo huo inarudi nyuma, mikunjo inapotea mmoja baada ya mwingine kuanzia mlingotini hadi mwisho, kitambaa cha chini kikanyooka kama ubao. Usizidishe hata hivyo. Nilijaribu inchi 6 kwa kusogeza kitanzi peke yake na pete ikagoma kufika chini, ikabaki inaning'inia juu ya bumu na ukingo wa nyuma unapigapiga. Kwenye bumu ya mita 2.6 inchi 2 mpaka 3 ndo pake.

Upande wa mbele sikuweka kamba. Kuna watu wanapitisha kamba moja tu, inakwenda nyuma inashusha pete ya nyuma kisha inakuja mbele inapanda pete ya mbele na kushuka, unavuta ncha moja kila kitu kinashuka. Ni nzuri ukiwa peke yako, ila kamba inakuwa ndefu mno, inasuguana kila inapokunja na kwa makapi madogo kama yangu inakwama. Mimi nimeweka kulabu pale bumu inapoungana na mlingoti, pete ya mbele inatiwa kwenye kulabu kwa mkono. Nimeweka pia kamba nyembamba kutoka kileleni mwa mlingoti mpaka mwisho wa bumu, ya kuishikilia isianguke henza ikiachiwa. Shemeji ndo aliyesisitiza hiyo, na bega lake linajua kwa nini. Na kwenye henza nimefunga uzi mwekundu, ukifika kwenye kishikio unajua tanga limeshuka kiasi sahihi, hakuna kukisia.

Kazi yenyewe baharini inakwenda hivi. Unasogeza kichwa cha chombo karibu na joshi, yaani upande unakotoka upepo, usikisimamishe kabisa kikakufia, unaachia demani mpaka tanga lipigepige. Unateremsha henza hadi uzi mwekundu. Pete ya mbele kwenye kulabu. Unakaza henza, na hii iwe ngumu kweli kabla hujagusa kamba ya nyuma, kwani ukianza na nyuma unailemea ile pete ya mbele na kitambaa kinararuka kutokea hapo. Ndipo unavuta kamba ya kupunguzia mpaka pete ya nyuma ibusu bumu, unaifunga, unachukua demani, unaondoka. Vikamba vya katikati utavifunga ukishatulia. Na siku ya kurudisha tanga kubwa anza na vikamba hivyo, vyote vitano, vihesabu kwa sauti, maana ukisahau kimoja tu ukatweka henza mzigo wote unaangukia kitundu hicho kidogo na tanga linapasuka hapo.

Jumamosi tulitoka tena, mimi, shemeji na mjomba, kila mtu na laifu jaketi yake, njia ile ile ya Shangani. Mara hii nilipunguza tanga tukiwa bado ndani ya ghuba, upepo hata haujatugusa. Shemeji alivuta kamba demani ikiwa bado imekaza, ikakataa, nikamwambia alegeze, ikashuka kama maji. Tulipotokeza nje kusi ikatupiga, boti ikainama kidogo ikasimama hapo, usukani naushika kwa vidole. Tulipiga bisha tano tukafika usawa wa Shangani saa saba, tukaingia, tukaiona meli inapakia makaa ya mawe, na ng'ambo pantoni ya Msangamkuu inavuka na watu wake. Mjomba aliomba demani wakati wa kurudi. Upepo uko nyuma yetu sasa, akaishika kwa mkono mmoja, macho kwenye ukingo wa nyuma wa tanga, na muda wote mpaka Mikindani hakuizungumzia boti hata mara moja, alituhadithia kuhusu samaki aina ya nguru waliokuwa wakipatikana zamani nje ya Msimbati.

Kilichobaki ni safu ya pili, sentimita 90 juu ya hii ya kwanza, kwa siku zile za mwezi wa saba na wa nane. Kitambaa cha viraka nimeshanunua na duara mbili za chuma cha pua ziko kwenye kopo la chumvi dirishani. Kamba yake itakuwa rangi nyingine, hii ni nyeupe, ile itakuwa nyekundu, ili hata gizani kwa tochi shemeji asivute siyo.